Kisu cha Mkono wa Kushoto

Kwenye chumba cha kufulia cha hospitali walimwita Mvuke, na jina hilo likamfuata mpaka nyumbani. Kwa miaka ishirini na mitatu alikuwa amesimama mbele ya mashine ile ile ya kupigia pasi, akiilisha mashuka ya wodini upande mmoja na kuyapokea upande wa pili yakiwa yamenyooka na yana moto. Kazi ile ilimzoeza joto, ikamzoeza kusimama, ikamzoeza na kunyamaza, maana kelele za mashine hazikuacha nafasi ya soga. Lakini uchovu aliokuwa nao mwaka ule haukutoka kwenye mashine. Ulikuwa uchovu wa namna nyingine, ule unaopanda nawe kitandani na kuamka kabla yako.

Mkewe alikuwa amepatwa na kiharusi miezi kumi na minne nyuma.

Mtaa mzima ulimwita mkewe Fundi. Mvuke naye alimwita hivyo hivyo, tangu siku ile ya zamani alipopeleka kiti cha mama yake kukarabatiwa, akamkuta msichana amepiga magoti ndani ya tumbo la kochi, misumari midogo imebanwa midomoni, akamjibu salamu kwa pua. Alikuwa fundi wa makochi, na hakuwa wa kubahatisha. Watu walivuka mitaa mitatu kumletea viti, na aliyerudishiwa kiti chake hakurudi na malalamiko.

Kiharusi kilichukua upande wa kulia. Mkono ulining'inia, mguu ukawa wa kuburuta, na maneno yakawa yanatoka moja moja, kama watu wanaopita kwenye mlango mwembamba. Akili haikuguswa hata kidogo. Alijua kila kitu, alikumbuka kila kitu, na alimwona vizuri sana mumewe anavyomfunga vifungo.

Basi asubuhi zao zilikuwa hivi. Mvuke aliamka saa kumi na moja, akachemsha maji, akamwosha mkewe, akamvisha, akamketisha kwenye kiti kando ya dirisha. Akamkatia mkate vipande vidogo. Akammenyea chungwa, akalitenganisha, akatoa mbegu, akazipanga pande zake kwenye sahani. Kisha akashuka ngazi mbio, akamgongea jirani wa chini, mama mmoja mjane aliyekuwa akipanda kumtazama mgonjwa mara tatu kwa siku, akaenda zake kazini. Wazee walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Mvuke aliona walisema kweli, kwa sababu wote waliomtazama walimwambia, "Unajitahidi, ndugu yetu," kisha wakaendelea na safari zao.

Siku moja ya katikati ya wiki, aliweka sahani ya machungwa mbele ya Fundi na kugeuka kutafuta viatu. Akasikia kishindo. Sahani ilikuwa sakafuni, machungwa yametapakaa mpaka chini ya kabati, na mkono wa kushoto wa Fundi ulikuwa bado umenyooshwa mezani.

"Imekuteleza?" aliuliza Mvuke, ingawa aliona kabisa kwamba haikuteleza.

"Kisu," alisema Fundi.

Mvuke akaleta kisu cha jikoni. Fundi akatikisa kichwa. Akakunja vidole vya mkono wa kushoto, akavikunjua, akavikunja tena. Kisha akapapasa mfuko wa gauni.

"Cha kukunja? Cha mfukoni?"

"Changu."

Alikuwa nacho zamani, kisu cha mpini wa pembe, kilichokaa mfukoni mwake miaka yote ya kazi, cha kukatia kamba, uzi, sponji, na chungwa la mchana. Lakini hakikuwepo tena. Mwezi wa tatu wa ugonjwa walikirudisha chumba cha karakana kwa mwenye nyumba, na binti yao akagawa vifaa vyote kwa mafundi wenzake na mama yake: mikasi, nyundo, sindano zilizopinda, visu. Aligawa kwa nia njema. Hakuna aliyemwuliza mwenyewe, kwa sababu siku zile hakuweza kusema hata ndiyo.

Mvuke aliokota machungwa, akachelewa kazini, akasemwa.

Jumapili binti yao akaja kama kawaida yake. Alikuwa karani wa shule, mtu wa kupanga mambo, na alipoingia mahali vikombe vilijipanga vyenyewe. Mvuke akamweleza habari ya kisu wakiwa jikoni, kwa sauti ya chini.

"Baba, kweli? Mama na kisu?"

"Kidogo tu. Cha kukunja."

"Akikiangukia je? Na zile dawa anazokunywa za kufanya damu iwe nyepesi? Akijikata hapa saa nne asubuhi, wewe uko kwenye mashuka yako, jirani yuko sokoni, nani atamfunga?"

Yote aliyosema yalikuwa na maana. Mvuke alikuwa amechoka. Akataka mazungumzo yaishe tu. Akacheka kidogo, akasema, "Haya, wewe si unajua. Mtoto akililia wembe, mpe."

Kutoka chumbani fimbo ya kutembelea ikagonga sakafu mara moja, kwa nguvu.

"Mtoto," ilisema sauti ya Fundi, ikakwama, ikajikwamua. "Nani?"

Binti akaanza kuosha vyombo vilivyokwisha kuoshwa. Mvuke akabaki ameshika kitambaa cha kukaushia, na aibu ikampanda kuanzia shingoni.

Kesho yake, alipotoka kazini, aliamua kulimaliza jambo lile. Mbele ya kituo cha basi alikuwapo mchuuzi mmoja aliyevaa ubao shingoni, na kwenye ubao zimening'inizwa saa, miwani, nyaya za simu na visu. Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza, na visu vile vilikuwa vimetembea barabara nzima tangu asubuhi. Mvuke angepaswa kulijua hilo, lakini miguu ilimuuma. Alichukua kimoja kinachong'aa, chenye ubapa wa kukatia, mkasi, kifungulia chupa na tochi ndogo kitakoni.

"Hapo umechukua duka zima, mzee," alisema mchuuzi.

Fundi alikipokea. Akakibana katikati ya magoti, akauvuta ubapa kwa kucha za mkono wa kushoto, ukatoka kwa shida. Akaushika na kuutikisa. Ulicheza kwenye bawaba kama jino la mtoto wa miaka sita. Kisha akafanya jambo ambalo Mvuke hakuwahi kuliona: akakigeuza kisu, makali juu, akagonga mgongo wake kwenye ukingo wa meza. Kisu kikajifunga papo hapo, tap, makali yakarudi ndani ya mpini, mahali ambapo vidole vya mtu huwa.

Fundi akainua mkono wake mzima, akamwonyesha mumewe vidole, vyote isipokuwa dole gumba.

"Vinne," alisema. Na upande mmoja wa uso wake ukacheka.

Tochi yenyewe haikuwaka.

Jumamosi ile Mvuke alikwenda kwenye duka kubwa la vifaa vya ujenzi, lenye kabati la kioo lililofungwa kwa ufunguo. Safari hii alikuwa amefikiri. Alitia mkono wa kulia mfukoni akauacha humo humo, akaomba aonyeshwe visu vya kukunja, akaanza kujaribu kimoja kimoja kwa mkono wa kushoto peke yake. Vingi havikufunguka. Viwili vilimponyoka vikaanguka juu ya kioo. Watu waliokuwa kwenye foleni ya rangi na misumari wakaanza kumtazama kwa huruma.

"Mkono una nini, mzee wangu?" aliuliza muuzaji.

"Hauna kitu. Umepumzika."

Muuzaji alikuwa mtu mstahimilivu. Alipoelezwa kwamba kisu ni cha mtu wa mkono mmoja, wa kushoto, alifikiri, akaleta kimoja chenye mpini mnene wa mpira wa rangi ya chungwa, na kijiti kidogo kwenye ubapa cha kusukumia kwa dole gumba. Kilifunguka. Kilijikaza vizuri, hakikuchezacheza. Chuma chake kilikuwa kizuri, kisichoshika kutu. Na ncha yake ilikuwa bapa, imekatwa duara kama ulimi. "Hiki wanatumia waokoaji," alisema muuzaji. "Huwezi kumchoma mtu hata ukitaka."

Hapo ndipo Mvuke alipoamua. Alisikia sauti ya binti yake, akaona kwamba amepata kisu kitakachowaridhisha wote wawili. Alilipa akaondoka.

Alifika nyumbani akiwa hoi, maana kabla ya kwenda dukani alikuwa ameshika zamu ya mwenzake aliyekuwa likizo. Fundi alikifungua kisu kwenye jaribio la tatu. Mvuke akashusha pumzi. Fundi akagonga mgongo kwenye meza, kisu kikasimama imara. Akakitazama mbele na nyuma. Akapitisha dole gumba kwenye ile ncha ya duara.

"Ncha?"

"Hakina. Ni salama zaidi hivyo."

Fundi akakifunga kwa kukisukuma kwenye paja, akakiweka mezani, akakirudisha taratibu upande wa mumewe.

"Cha mtoto."

"Fundi, hiki ni kisu kizuri. Uliza mtu yeyote."

"Cha mtoto."

"Basi!" alisema Mvuke, na sauti ikamtoka kubwa kuliko alivyokusudia. "Basi, imetosha. Nimechoka. Naamka, nakuosha, nakuvisha, nakukatia, nasimama siku nzima kwenye moto, narudi nakuta hili. Nimezunguka mji kwa miguu hii, mkono mfukoni kama kilema, watu wananitazama. Mtu mwingine angeshukuru."

Mara tu neno hilo lilipotoka alitaka kulirudisha, lakini maji yakimwagika hayazoleki. Jirani wa chini alizima redio yake. Fundi hakulia. Alimtazama mumewe kwa muda mrefu, jicho moja likiwa zito kuliko lingine, akawa anatafuta neno, midomo ikilijaribu.

"Mimi pia," alisema.

"Wewe pia nini?"

"Choka."

Mvuke akavuta kiti, akakaa. Kwa miezi kumi na minne alikuwa amehesabu uchovu wote wa nyumba ile kuwa wake. Hakuwahi kufikiri kwamba kuoshwa nako kunachosha, na kuvishwa, na kungoja mtu apande ngazi ili akufungulie dirisha. Walikaa hivyo mpaka jua likahama kutoka mezani. Hakuna aliyemwomba mwenzake radhi. Walikuwa wameoana miaka thelathini na mmoja, na baadhi ya mambo waliyaachia muda uyaseme.

Mwishowe Fundi akanyoosha mkono akamgusa goti.

"Nipeleke."

"Wapi?"

"Duka," alisema. "Langu."

Mvuke akaomba ruhusa ya siku moja kazini. Msimamizi alipomwuliza sababu, alisema anampeleka mkewe kununua kitu, na msimamizi akamtazama kana kwamba amesema anampeleka kupanda mlima.

Hakukosea sana. Walikaa ghorofa ya tatu, na jengo halikuwa na lifti. Kila alipotakiwa kliniki, Fundi alishushwa na wanaume wawili akiwa ameketishwa kwenye kiti, macho ameyafumba njia nzima. Asubuhi ile alikataa kiti. Akakaa chini kwenye ngazi ya juu kabisa, akaweka fimbo mapajani, akajisogeza ngazi ya pili kwa makalio, akauinua mguu wa kulia kwa mkono na kuuweka mahali pake, akajisogeza tena. Ngazi arobaini na nne. Mvuke alitangulia, ngazi mbili chini yake, mikono imejiandaa kudaka. Mara mbili alitaka kusema "ngoja nikubebe," na mara mbili akaumeza ulimi. Kwenye ghorofa ya pili walipumzika. Gauni la Fundi lilikuwa limelowa mgongoni.

Jirani wa chini akafungua mlango.

"Makubwa! Fundi, unahama?"

"Naenda," alisema Fundi, akahema. "Kazi."

Pengine alitaka kusema duka, maneno yakapishana. Mvuke hakumsahihisha.

Duka lenyewe lilikuwa lile alilonunulia vitu vyake miaka yote, mlango mwembamba kati ya fundi viatu na muuza pazia, ndani kunanukia gundi na ngozi mpya. Sponji zilipangwa mpaka darini. Mwenye duka alikuwa mzee mnene mwenye miwani iliyofungwa kamba. Alipowaona akatoka nyuma ya meza na mikono yake yote miwili mbele.

"Fundi! Loo, tulisikia. Pole sana, pole mno." Kisha akamgeukia Mvuke, akapunguza sauti. "Anaendeleaje? Anakula? Na leo mnamtafutia nini?"

"Muulize mwenyewe," alisema Mvuke. "Anasikia."

Mwenye duka akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Akamwekea Fundi kigoda kirefu mbele ya meza. "Niwie radhi, Fundi. Nikupe nini?"

"Kisu. Kukunja." Akainua mkono wa kushoto. "Hu... huu."

Mzee akaelewa. Akatandika kipande cha ngozi juu ya meza, akaenda nyuma, akarudi na visu vitano, akavilaza kimoja kando ya kingine. Halafu, kwa kuwa alikuwa muuzaji wa kweli, akanyamaza.

Cha kwanza kilikuwa na mpini wa mti uliosuguliwa, wenye pete za shaba, na mfuo mdogo wa kutia ukucha kwenye ubapa. Kilifanana na kile cha pembe. Fundi alikishika kwa muda mrefu, akakipima uzito, akakipitisha shavuni. Lakini kilikuwa kisu cha mikono miwili, mmoja wa kushika na mmoja wa kuvuta. Akakisogeza kando kwa mgongo wa mkono, na hakukitazama tena.

Cha pili kilifunguka vyema, ila kufuli lake, la kuzuia ubapa usijifunge, lilikuwa kibati ndani ya mpini, kinachosukumwa na dole gumba la mkono wa kulia. Kwa mkono wa kushoto ilibidi akunje vidole kama anayekwangua sufuria, tena vidole vyenyewe vipite mbele ya makali. Hapana. Cha tatu kilikuwa kizito. Alikitia mfukoni na gauni zima likavutwa upande. Cha nne kilikuwa cha kubonyeza. Alibonyeza, kisu kikaruka nje kwa nguvu, mkono ukashtuka, karibu akiachie.

"Mbwa," alisema Fundi, maana kilimrukia, na mwenye duka akacheka mpaka akakohoa.

Cha tano hakikuwa na sura. Kilikuwa cha kijivu, mpini wake umekwaruzwa mistari mistari ili usiteleze, hakina pete wala nakshi, kirefu kama kidole cha kati kikiwa kimefungwa. Kwenye ubapa, karibu na bawaba, kulikuwa na tundu la mviringo. Fundi akaweka dole gumba kwenye tundu, akasukuma. Kisu kikafunguka nusu. Akasukuma tena, kikamalizia na mlio mdogo, mkavu. Kufuli lilikuwa mgongoni, katikati, halijali mkono gani umelishika. Akalibonyeza, akausukuma ubapa kwenye paja, ukarudi ndani.

Akafanya hivyo mara kumi na mbili. Mvuke alihesabu, kwa kuwa hakuwa na jambo jingine la kufanya. Kisha akakigeuzia mlangoni, akakitazama kwenye mwanga, aone kama ubapa umekaa katikati ya mpini au umeegemea upande. Akakitikisa sikioni. Akagonga mgongo juu ya meza, mara moja, mara mbili, na mwenye duka akajikunyata lakini hakusema neno. Kufikia hapo mkono ulikuwa umechoka. Akakiweka chini, akapumzika. Mzee akamletea maji.

"Karatasi," alisema Fundi alipomaliza kunywa.

Mwenye duka akachana ukurasa kwenye kitabu cha risiti, akaunyoosha kwa ncha mbili ili Fundi akate. Fundi akatikisa kichwa. Akaichukua karatasi akailaza mezani. Halafu akaushika mkono wake wa kulia, ule uliokufa ganzi, akauinua kwa mkono wa kushoto kama anayeinua paka aliyelala, akauweka juu ya karatasi. Ukabaki pale, mzito, umeikandamiza. Akafungua kisu, akakata. Karatasi ilikatika bila sauti, mstari mmoja ulionyooka kutoka juu mpaka chini.

Mvuke aligeuka akatazama sponji.

"Wewe," alisema Fundi.

"Mimi?"

Akaonyesha mkono wa shati la mumewe. Kulikuwa na uzi unaoning'inia kwenye pindo, karibu na kifungo. Mtu anayepiga pasi mashuka ya watu kutwa, shati lake mwenyewe halina wa kulitazama. Mvuke akanyoosha mkono juu ya meza, kiganja juu. Ncha ya kisu, ncha kali hasa, ikaja karibu na mshipa wa kifundo chake cha mkono. Mkono wa Fundi ulikuwa bado umechoka. Mvuke alimsikia mwenye duka akizuia pumzi, na yeye mwenyewe alitulia kuliko alivyotulia siku nyingi. Uzi ukakatika.

"Hiki," alisema Fundi.

Kupanda ngazi kurudi nyumbani kulichukua muda mrefu kuliko kushuka, na siku mbili zilizofuata Fundi hakutoka kitandani. Msidhani mambo yaligeuka. Wiki ya kwanza alijikata mara mbili. Mara ya pili ilikuwa mbaya. Dawa zile zikaifanya damu igome kuganda, na jirani wa chini alikaa amembana kidole kwa taulo karibu nusu saa, huku akimsomea dua zote anazozijua. Chungwa moja lilimchukua Fundi robo saa, na lilipomalizika lilikuwa limeliwa zaidi na kisu kuliko na mtu. Ili kulimenya alilibana katikati ya magoti kwa kitambaa, kwa hiyo gauni likawa la kufuliwa kila siku. Na kufua ilikuwa kazi ya Mvuke.

Lakini ile robo saa ilikuwa ya Mvuke pia. Asubuhi, Fundi akihangaika na kifungua kinywa chake, alimfukuza kwa fimbo asisimame karibu akihema. Mvuke hakujua la kufanya na muda huo. Mwanzo alipanga nguo. Kisha akaacha kupanga nguo, akawa anakaa tu ukingoni mwa kitanda, mikono magotini, anatazama ukuta. Ilikuwa raha asiyoweza kumweleza mtu.

Jumapili binti alikuja, akaviona vidole viwili vimefungwa plasta, akaona na kisu mezani. Akakiokota, akakifungua, akagusa ncha. Mvuke akajiandaa.

"Hiki ndicho alichochagua?"

"Mwenyewe."

Binti akakaa mkabala na mama yake. Kwa muda alikuwa akikifungua na kukifunga kile kisu. Yeye naye alikuwa mtoto wa karakana. Alijua chombo kizuri akikishika.

"Mama," alisema, "vile vifaa vyako. Niligawa bila kukuuliza."

"Ndiyo," alisema Fundi.

Binti alingoja. Labda alitarajia neno jingine la kumliwaza, lakini Fundi hakuwa na maneno ya ziada, na hata enzi zile alipokuwa nayo hakuwa mtu wa kuyapoteza. Badala yake akajiinua kwa fimbo, akaburuta mguu mpaka kwenye kiti cha nne cha meza ya chakula, kile ambacho hakikaliwi kwa sababu kitako chake kilikwisha bonyea. Akakigonga kwa fimbo.

"Lete."

Wakakipindua juu ya meza, miguu juu. Fundi akaingiza ncha ya kisu chini ya kitambaa cha nyuma, akaanza kukata nyuzi za zamani, moja, ya pili, ya tatu. Alichoka haraka. Siku ile walifungua upande mmoja tu, na kwa wiki nzima kiti kilikaa pale tumbo wazi, Mvuke akikizunguka kila alipopita na beseni. Jumapili iliyofuata wakafungua upande wa pili. Ya tatu binti alikuja na sponji, na kopo la misumari midogo, na nyundo aliyoazima kwa mmoja wa wale mafundi aliowagawia.

"Vuta," alisikika Fundi akisema.

"Si navuta, Mama!"

"Hujavuta. Vuta... vuta kama... mtu."

"Kama mtu gani?"

Mvuke alikuwa kwenye mlango wa chumba cha kulala na kikapu cha nguo kiunoni. Saa nane mchana, dirisha wazi. Nguo zilitakiwa kuanikwa, na kulikuwa na dawa ya saa tisa, na mkate ulikuwa umekwisha. Aliwatazama wale wawili walivyoinama juu ya kiti, mmoja amekaza kitambaa kwa mikono miwili, mwingine anakata ziada kwa mkono mmoja, wote wawili wamekunja uso. Hakuna aliyemhitaji. Akaweka kikapu chini, akajilaza juu ya shuka bila kuvua viatu, akasema atafumba macho kidogo tu. Ugomvi wa kitambaa uliendelea upande wa pili wa ukuta, nyundo ikaanza kugonga, na Mvuke akalala usingizi mzito, asisikie dawa ilipotolewa wala mkate uliponunuliwa, mpaka walipokuja kumwamsha anywe chai.